Nusu kilo ya mvuke: kisa cha trei ya mboga za kuoka, Chumbageni

Wifi yangu alinipigia simu Jumamosi moja saa tano asubuhi, na hata salamu hatukuimaliza. "Wifi, zimetoka maji tena."

Ilikuwa mara ya tatu. Zamu yake ya mchezo ilipofika alikuwa amenunua oveni ya mezani ya umeme, lita 35, wati 1,500, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameshajaribu mboga za kuoka mara tatu bila kufanikiwa. Keki ilitoka, mkate ulitoka, kuku alitoka vizuri kabisa. Mboga ndizo zilizomshinda. Mimi naoka mikate na keki za oda nyumbani kwangu Makorora, hapa Tanga, ndiyo maana simu ikaja kwangu. Lakini niseme mapema kwamba ushauri wangu wa kwanza haukuwa sahihi, na ulimgharimu trei nzima.

Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu wengi wanaoiacha oveni na kurudi kwenye sufuria wanaiacha kwa sababu hiyohiyo iliyomkuta wifi, nao hudhani wamepewa oveni mbovu.

Nyumba yenyewe iko Chumbageni, ina watu saba: kaka yangu, wifi, watoto wanne, na mama yetu mzazi. Wifi ni mwalimu wa shule ya msingi. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi jioni amechoka, na daftari za kusahihisha ziko mkobani. Alichokitaka ni kitu kimoja: Jumamosi aoke trei ya mboga itakayoliwa mchana na wali na samaki, Jumapili asubuhi iingie kwenye mayai na chapati, Jumapili usiku iwe mchuzi, na kinachobaki kiingie kwenye mkate wa watoto Jumatatu. Kupika mara moja, kula mara nne. Ni ombi la haki kabisa kwa mwanamke mwenye ratiba kama ile.

Alichokipata ni hiki. Trei yenye kina, ile ya kuokea keki, imejaa hadi ukingoni. Bilinganya zimelegea kama sponji iliyolowa. Nyanya zimepasuka na kupotea. Karoti bado zinalia mdomoni. Na chini, maji ya rangi ya bizari, kikombe kizima na zaidi. Hakuna kipande hata kimoja chenye rangi ya kahawia. Mama alionja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu, akasema, "Mwanangu, hiki ni kiporo ambacho hakijalala."

Maneno yale yalimuuma wifi. Mama yetu hali kiporo. Hakuli tangu tukiwa wadogo: chakula cha jana kwake ni cha kuku wa bandani. Kwa hiyo mpango mzima wa wifi, wa kupika leo na kula keshokutwa, ulikuwa unasimama mbele ya mtu mmoja ambaye asiporidhika, nyumba nzima haitaridhika.

Alipoharibikiwa mara ya kwanza nilimwambia kwa simu, "Ongeza muda." Akaongeza, kutoka dakika 40 hadi saa nzima. Mara ile vipande vya juu viliungua pembeni na vya chini vikaendelea kuogelea. Nilipoelezwa hivyo ningepaswa kuelewa palepale, maana trei moja yenye kuungua juu na kuchemka chini haikosi moto. Sikuelewa. Nilidhani oveni ina kasoro.

Tulivyoipima

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na mizani yangu ya keki. Nilimwomba wifi afanye vilevile kama alivyozoea, asibadilishe kitu hata kimoja, nami nikae pembeni nipime. Kwanza tukaenda sokoni Mgandini.

Soko la Tanga lina neema yake. Karoti, hoho na kabichi nyingi hushuka kutoka milima ya Usambara, upande wa Lushoto, zikapita Mombo na kuja pwani. Huko juu kuna baridi inayozifaa mboga hizo, na mkulima wa Lushoto anajua kazi yake. Bilinganya, bamia na boga hazihitaji baridi, zinastawi huku chini kwenye joto. Ukisimama mbele ya meza moja unaona hali ya hewa mbili zimelala pamoja. Kitu kimoja cha kuangalia: wauzaji hunyunyizia mboga maji mchana kutwa ili zisinyauke. Ni jambo jema kwa mboga, lakini wifi alikuwa anazitoa mfukoni, anaziosha, anazikata zikiwa bado zinatiririka. Hayo ni maji ya kwanza, na ni ya bure kuyaepuka. Kitambaa safi kinatosha.

Nyumbani akakata: bilinganya 3, karoti 4, hoho 3, nyanya 5, vitunguu maji 3, na kipande cha boga. Vipande vyote saizi moja, kama pande za kete, karoti sawa na nyanya. Akaviweka kwenye bakuli kubwa, akatia chumvi, bizari ya pilau, thomu iliyotwangwa, ndimu mbili na mafuta ya alizeti, akafunika "zikolee" kwa muda wa saa moja. Ilipofika saa ya kuoka akamimina kila kitu kwenye trei, pamoja na maji yaliyokuwa yametoka. Oveni ilikuwa ya baridi, akaiwasha trei ikiwa ndani.

Nilipima kabla: mboga kilo 2.6. Baada ya dakika 40 kwenye joto la 220 nikapima tena, mboga na maji yake: kilo 2.1. Maana yake nusu kilo ya maji ndiyo iliyoondoka kama mvuke. Tukaichuja trei. Mama akachukua yale yaliyotoka, akayapeleka jikoni, yakawa mchuzi. Hakuna kilichotupwa.

Alasiri tukaoka tena, safari hii kidogo. Mboga kilo 1.2 tu, zimefutwa maji, hazijalazwa kwenye chumvi, hazina ndimu, zimetandazwa kwenye trei bapa mstari mmoja bila kulaliana, oveni imeshapashwa moto kwanza. Nyanya nilizitoa, nikaziweka kando. Dakika 40 zilezile, joto lilelile. Zilipotoka zilikuwa gramu 700 na kidogo.

Hapo nikakaa kwenye kigoda. Ni nusu kilo tena. Oveni ilikuwa imefanya kazi ileile mara zote mbili: katika dakika 40 ilifukuza maji ya karibu nusu kilo. Ukiipa kilo 2.6, nusu kilo ni sehemu moja ya tano tu, mboga zinabaki zimelowa. Ukiipa kilo 1.2, nusu kilo ni zaidi ya theluthi, na mboga zinapata nafasi ya kukauka nje na kubadilika rangi. Oveni haikuwa mbovu. Ilikuwa imepewa mzigo wa punda wawili.

Kwa nini, kwa hesabu ya luku

Wifi ni mwalimu, hakutaka niishie hapo. Akauliza, "Sasa kwa nini isikaushe zaidi? Si ina moto?" Tukafanya hesabu pamoja kwa uniti za umeme, kwa sababu uniti kila mwenye luku anazijua.

Oveni ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo dakika 40 inakula uniti 1 kamili. Sasa mboga hizi ni maji matupu kwa kiasi kikubwa. Bilinganya ni maji kwa takriban asilimia 92, nyanya asilimia 94 hivi, kitunguu 89, karoti 88. Kuzipasha kilo 2.6 kutoka joto la jikoni kwetu hadi maji yachemke kunahitaji kama uniti 0.2. Kisha kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji uniti 0.63 nyingine. Watu wengi hawajui kwamba hapo ndipo moto mwingi unapokwenda. Kuyachemsha maji ni kazi nyepesi, kuyaondoa ndiyo kazi. Trei ile, ili ikauke kwa kiwango cha ile ya alasiri, ilitakiwa itoe zaidi ya lita moja. Jumla inafika kama uniti 0.85, na hiyo ni kama hakuna joto lolote linalopotea.

Na linapotea. Kioo cha mlango kinachoma mkono, bati la juu linachoma, na oveni yenyewe hujizima ikifika joto uliloliweka, kisha hujiwasha tena. Kwa hiyo uniti nzima haiifikii mboga hata siku moja. Ukiongeza muda, kama nilivyomshauri, juu panaungua kabla chini hapajakauka, kwa sababu tabaka la juu linapigwa na joto la nyaya na la chini limefunikwa na wenzake, mvuke wake hauna pa kutokea.

Mboga ikiwa imelowa kwa nje, joto lake la nje halipandi sana kupita nyuzi 100, hata kama oveni inasema 220. Ni kama sufuria ya maji: ongeza kuni upendavyo, maji yatachemka kwa fujo zaidi, hayatakuwa ya moto zaidi. Rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya mtu aulize kilichoko jikoni huanza kuja kwa kasi kuanzia kama nyuzi 140. Kati ya 100 na 140 kuna ukuta, na ukuta wenyewe ni maji.

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, nikadhani hatusikilizi. Akasema bila kuinua kichwa, "Ukoko hauji mpaka maji yaishe."

Niliirudia sentensi hiyo mara mbili. Kila mpika wali anajua: wali ukiwa bado na maji hauna ukoko, hata moto uwe mkali vipi. Maji yakishakauka, ndipo chini panaanza kukamata. Na kitunguu cha pilau vilevile. Ukijaza vitunguu vingi kwenye sufuria ndogo na kuvitia chumvi mwanzoni, vinatoa maji na kutokota, rangi inachelewa mpaka unakata tamaa. Mambo yote niliyoyapima kwa mizani mama alikuwa nayo kwa ukoko. Wifi alicheka kwa furaha, akaandika sentensi ile ubaoni, kwenye ule ubao mdogo wa watoto ulioko jikoni. Bado ipo.

Makosa madogo yaliyojificha nyuma ya hilo kubwa

Kujaza trei ndiyo sababu kuu. Lakini tulipoitenga, mengine nayo yalijitokeza.

Chumvi. Chumvi hunyonya maji kutoka ndani ya mboga, ndiyo kazi yake, ndiyo maana kachumbari ikikaa inaogelea. Saa moja kwenye bakuli ilikuwa imeshatoa maji mengi, na kosa halikuwa kuyatoa bali kuyamimina tena kwenye trei. Kwa bilinganya peke yake kulaza kwenye chumvi kuna faida: bilinganya ina matundu madogo ya hewa kama sponji na hunywa mafuta bila kiasi, chumvi ikiivunja ile sponji inakunywa kidogo. Ukifanya hivyo, ikamue na kuifuta. Kwa mboga nyingine mimi natia chumvi dakika ileile trei inapoingia ndani.

Ndimu. Hili lilimshangaza wifi kuliko yote. Karoti zake zilikuwa ngumu baada ya saa nzima ya moto, na yeye alidhani ni karoti mbaya. Kuta za mboga zimeshikanishwa na gundi ya asili iitwayo pektini, ambayo joto huilegeza. Kwenye uchachu gundi hiyo inashikilia, haiachii upesi. Ndimu mbili na nyanya tano zilikuwa zinazilinda karoti zisilainike. Ni jambo lilelile la maharage yaliyotiwa nyanya mapema yakakataa kuiva. Ndimu inakuja mwisho, mezani.

Ukataji. Karoti na nyanya haziwezi kukatwa sawa na kuiva sawa. Karoti tulizikata nyembamba kuliko kidole, boga unene wa kidole, bilinganya na hoho vipande vikubwa kwa kuwa vinasinyaa sana, kitunguu pande nane kikiwa na kitako chake ili kisitawanyike. Nyanya zikakatwa nusu, zikawekwa peke yake, mdomo juu, kila moja na kipande cha thomu katikati, kwenye kisahani cha bati pembeni. Zinatoa maji yake humo na kuyanywa tena, na zinakuwa tamu kwa namna ambayo nyanya mbichi haina.

Thomu ya kutwanga ikichanganywa kwenye trei nzima inaungua na kuwa chungu. Hilo halihitaji maelezo.

Kosa ambalo halikuwa la moto

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko maji. Tuseme trei ya kwanza ingetoka kavu, nzuri, yenye rangi. Bado isingeweza kufanya kazi nne alizozitaka wifi, kwa sababu alikuwa ameitia bizari ya pilau.

Mboga zenye bizari ya pilau ni mboga za pilau. Zinakwenda na wali Jumamosi vizuri. Ukiziweka kwenye mayai Jumapili asubuhi, mayai yananuka pilau. Ukizitia tui jioni, mchuzi unanuka pilau. Kufika Jumatatu mtoto anafungua mkate wake shuleni na anakutana na harufu ileile kwa siku ya tatu. Mama aliposema kiporo, pua yake ilikuwa imeona mbele. Chakula kinachorudi mezani na harufu ya jana ni kiporo, hata kikiwa kimetunzwa vizuri vipi.

Nilimwambia wifi: usikimalize chakula Jumamosi. Oka kwa chumvi na mafuta tu, basi. Ladha iamuliwe siku ya kula. Mwanzoni alisita, akaona kama ninamwambia apike chakula cha mgonjwa. Nilimkumbusha nazi. Hakuna anayekuna nazi na kuitia sukari kabla hajajua kama anapika wali au visheti. Nazi inakaa nazi mpaka uamue.

Hivi ndivyo ilivyokwenda wiki iliyofuata. Jumamosi mchana mboga zilikaa pembeni ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga, zimekamuliwa ndimu na kunyunyiziwa pilipili manga. Jumapili asubuhi wifi alikaanga kitunguu kidogo, akazitia mboga zilizokatwakatwa, akavunjia mayai juu. Usiku alichemsha tui zito na tangawizi, binzari ya manjano na pilipili nzima, likatulia, ndipo akazitumbukiza mboga dakika mbili tatu za mwisho. Ni muhimu ziwe za mwisho: zikichemka muda mrefu rangi na ladha vyote vinahamia kwenye mchuzi na tunarudi tulikotoka. Jumatatu bilinganya na nyanya zilizobaki zilipondwa kwa uma na ndimu na giligilani mbichi, zikapakwa kwenye mkate.

Mama alikula Jumapili usiku. Aliuliza kimepikwa lini, wifi akamjibu kweli, "Mchuzi leo, mama. Mboga zimeokwa jana." Mama akanyamaza kidogo. Akaomba aongezewe tui. Sikumwona akila kiporo siku ile, nilimwona akila mchuzi uliopikwa jioni hiyo, na nadhani naye aliona hivyo.

Umeme ulipokatika

Jumamosi iliyofuata, mboga zimeshakatwa, umeme ukaondoka. Wifi akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Mama ndiye aliyenyanyuka.

Oveni ya mkaa ni jambo la kale hapa pwani: sufuria juu ya jiko lenye makaa machache, kifuniko bapa, na makaa mengi yamepaliwa juu ya kifuniko. Mkate wa kumimina umeokwa hivyo vizazi na vizazi, na wanaouoka wanajua kwamba moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, la sivyo chini panaungua juu pakiwa pabichi. Mama akapasha sufuria kwanza, akapaka mafuta, akatandaza karoti, boga na vitunguu mstari mmoja, akafunika, akapalia.

Shida ya njia hii kwa mboga ni kwamba kifuniko kinafungia mvuke, na mvuke ukigonga kifuniko unarudi chini kama matone. Kwa mkate si tatizo kubwa, kwa mboga ni tatizo. Kila baada ya dakika tano hivi mama alikinyanyua kifuniko na makaa yake kwa koleo, mvuke ukatoka kama moshi wa meli, akafuta ndani kwa kitambaa, akarudisha. Alifanya hivyo mara nne au tano. Ni kazi ya mtu aliyekaa jikoni, si ya mtu anayesahihisha daftari.

Bilinganya, hoho na nyanya hazikuingia kwenye sufuria kabisa. Alizilaza nzimanzima juu ya makaa, akazigeuza mpaka ngozi ikawa nyeusi na kubabuka, akazifunika kwenye bakuli zipoe, akazimenya. Nyama ya bilinganya ikatoka laini, imejaa moshi. Karoti na boga za sufuriani zilipungukiwa rangi kidogo ukilinganisha na za oveni, hilo nalikubali. Lakini bilinganya ya makaani oveni ya umeme haiwezi kuifikia, na sidhani kama nitaoka bilinganya ya kuponda kwenye oveni tena. Nikiwa na makaa, zitakwenda kwenye makaa.

Kuhusu kuzitunza niseme kwa ukali kidogo, maana joto la Tanga halina huruma. Mboga zilizoiva zisikae mezani zaidi ya saa mbili. Zitandazwe kwenye sinia zipoe upesi, ziingie kwenye chombo chenye kifuniko, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Hapo zinakaa siku tatu salama. Umeme ukikatika na mlango wa friji usifunguliwe, baridi hudumu kama saa nne. Ikipita hapo, achana nazo. Na thomu iliyobaki imezama kwenye mafuta isiachwe nje ya friji hata usiku mmoja. Mafuta yanazuia hewa, na kuna vijidudu vya sumu vinavyopenda hasa mahali pasipo hewa.

Yaliyobaki kwenye kisa hiki ni gharama. Mboga za watu saba kwa siku tatu hazienei kwenye trei ya kilo 1.2, kwa hiyo wifi anaoka trei mbili, moja baada ya nyingine: karoti, boga na vitunguu kwanza, bilinganya na hoho baadaye, kisahani cha nyanya kikibanwa pembeni kwenye trei yoyote yenye nafasi. Tuliisoma luku mwanzo na mwisho, ikatoka uniti 1.4 kwa trei zote mbili pamoja na kupasha oveni. Si kidogo kwa nyumba ya mshahara mmoja na nusu. Sasa anaoka mkate wa Jumapili mara tu trei ya pili inapotoka, oveni ikiwa bado ya moto, na hapo gharama ya kupasha inagawanyika.

Jumamosi iliyopita nilipita kuwasalimia. Trei ilikuwa ndani na mama alikuwa amesogeza kigoda chake mbele ya kioo cha oveni. Alikuwa amemshawishi wifi atie bamia nzima, hazijakatwa kichwa wala mkia, zimepakwa mafuta tu. Wifi aliogopa utelezi. Zilitoka zimekunjamana, kahawia kwenye kingo, hazina utelezi hata kidogo. Watoto walizimaliza kwa mikono kabla wali haujapakuliwa, na mama akamwambia wifi wiki ijayo azitie trei nzima.